Mlio wa Saba

Fundi Baruti hakuwa mtu wa makelele. Nalisema hili mapema kwa sababu wengi waliomjua kwa sifa tu walidhani ni jitu la sauti nene, la kubamiza milango. Kumbe alikuwa mwembamba, mpole, na kikombe cha chai alikiweka chini taratibu kama anayelaza mtoto. Ukigonga sufuria karibu yake alikunja uso. "Iache sufuria ipumzike," alikuwa akisema. Na huyo ndiye aliyekuwa akipasua mlima kila siku ya kazi.

Nilimjua miaka mingi, enzi za Mwingereza, kwenye machimbo ya mawe katika mteremko unaotoka Kisarawe kushuka Pugu. Mawe yalipasuliwa pale, yakapondwa kuwa kokoto, na malori yakazibeba kwenda barabara ya Morogoro. Mume wangu alikuwa mpiga nyundo. Mimi nilikaanga vitumbua na kuchemsha chai kwenye kilima kidogo kilichotazamana na machimbo, mahali ambapo mawe yanayoruka hayafiki. Fundi mwenyewe ndiye aliyenichagulia mahali hapo. Alipima kwa hatua, akasimama, akapiga chini kwa kisigino.

"Weka mafiga hapa, mwanangu. Ukisogea mbele nitakuzika. Ukirudi nyuma hutauza."

Jina lake sikuwahi kulisikia likitajwa. Hata mkewe alimwita Fundi, tena kwa heshima, kama vile ndilo alilopewa siku ya arubaini.

Kazi yake naieleza kama alivyonieleza. Vibarua walitoboa mashimo saba kwenye mwamba kwa nyundo na mtarimbo. Yeye akayajaza baruti, akaingiza fataki na utambi, akaziba kwa udongo. Tambi alizikata kwa urefu tofauti ili mashimo yalipuke moja baada ya jingine, maana yakilipuka kwa pamoja hakuna atakayejua ni mangapi. Kuwasha, alisema, hata mlevi anaweza kuwasha. Kazi ni kuhesabu. Ikilia milio saba, watu wanaingia. Ikilia sita, kuna shimo limelala na baruti yake, na hapo haingii mtu mpaka kesho, hata nyapara aape.

Alihesabu kwa kokoto. Aliweka saba kwenye mfuko wa kulia, na kila mlio ukitoka alihamisha moja kwenda kushoto. Alijibanza nyuma ya jiwe kubwa chini ya kilima changu, mgongo kwenye machimbo na uso kwangu, miguu mitupu. Viatu alikuwa navyo, na vizuri, lakini alivivua kabla ya kuwasha. Nilipomuuliza alisema ardhi nayo husema, na mwenye viatu haisikii. Mfuko wa kulia ukiwa mtupu alinyanyua mkono juu. Nyapara akapuliza filimbi, watu wakaingia. Hawakuingia kwa filimbi, waliingia kwa mkono wa Fundi. Msimamizi Mzungu akiwahimiza kabla ya hapo walijifanya wanafunga kamba za viatu, na wengi wao hawakuwa na viatu.

Nami nilikuwa na hesabu yangu. Kikaango changu cha vitumbua kilikuwa na mashimo saba. Siku moja nilijikuta nageuza kitumbua kila mlio unapotoka, na toka hapo ukawa mchezo wangu. Mlio mmoja, kitumbua kimoja. Cha saba kilikuwa cha mume wangu, ambaye hakula kitumbua kilichoungua hata umwambie ni dawa. Fundi alipougundua mchezo huo alicheka mpaka akakaa chini. Akaniita Karani. Kila baada ya kazi alipanda kilimani kunywa chai, akachungulia kikaango.

"Karani, leo ngapi?"

"Saba, Fundi. Vyote vimegeuka."

"Basi tumefunga hesabu. Nipe chai."

Sikio lake lilikuwa na sifa peke yake. Akina mama wafinyanzi wa Kurui walipopita na vyungu na mitungi kichwani, hakuna mwanamke wa kwetu aliyenunua mpaka Fundi agonge. Aliukamata mtungi kwa shingo, akaugonga kwa kifundo cha kidole, akainamisha kichwa. "Huu una ufa." Mwenye mali akapandwa na hasira, akatia maji mbele ya watu, na baada ya muda tako la mtungi likaanza kutoa jasho. Wauzaji walimchukia, nasi tulimpenda. Alimtambua kuku anayetaka kutaga kwa mlio wake tu. Alijua lori linalopanda lina mzigo au halina kabla halijatokeza.

Halafu mwaka mmoja nilinunua mtungi, akaugonga, akasikiliza, akasema, "Mzima." Kufika alasiri chini yake pamekuwa dimbwi. Nikamtania.

"Fundi, leo mfinyanzi amekupa nini?"

Hakucheka. Aliniomba mtungi ule, akaugonga tena, na tena, akausogeza karibu kabisa na sikio. Akanirudishia. Mimi nilikuwa bado nacheka, mjinga mimi.

Ninachotaka kieleweke, na nikikikumbuka roho inaniuma, ni kwamba alijua makelele yanaharibu. Alijua kuliko sisi sote. Alikuwa na mfuko wa sufi, akaichovya kwenye mafuta ya nazi, akaisokota vijibonge, na kabla ya kuwasha alipita kwa kila kibarua na kumpa viwili. Asiyeziba masikio alifukuzwa machimboni siku hiyo. Mume wangu aliwahi kujifanya shujaa, akatupa vijibonge vyake, na Fundi alimwita mbele ya wenzake akamwambia, "Masikio hayo umepewa na mama yako, mimi sina mengine ya kukupa." Lakini yeye hakuziba. Tulimwambia mara ngapi, akajibu lile lile.

"Nikiziba, nitahesabu na nini?"

Kwa hiyo kila siku watu wote walikuwa na sufi masikioni, na mtu mmoja alikuwa ameyaacha wazi kwa ajili yao.

Habari za nyenje alinipa mimi kwanza. Ilikuwa wakati wa masika, mchana, mvua imetoka kukatika, na hakuna mdudu aliyekuwa akilia. Alikuwa anakunywa chai, akageuka akatazama kichaka nyuma yangu.

"Hawa nyenje wako, Karani, hawachoki?"

"Nyenje gani, Fundi?"

Alinitazama, kisha akatazama chai yake. Ndipo akaniambia. Zamani baada ya milio masikio yalikuwa yanaziba, yanalia nyiii, na kufika jioni yamefunguka. Baadaye yakawa yanafunguka kesho yake asubuhi. Baadaye Jumapili tu, siku ya mapumziko. Sasa nyenje hawaondoki. "Walikuwa wageni," alisema, "wanakuja wanaaga. Sasa wamejenga." Akaniomba nisimwambie nyapara. Akaniomba nisimwambie hata mume wangu. Nikaapa. Nilijiona mtu mkubwa kupewa siri na Fundi Baruti, na ile siri nikaitunza vizuri kuliko nilivyowahi kutunza kitu chochote. Laiti ningekuwa mmbeya kidogo.

Mkewe hakuhitaji kuambiwa. Mumewe akiitwa mara tatu haitiki, usingizi hana, na anakaa peke yake ameinamisha kichwa kama anayesikiliza mtu. Akawaita ndugu, na ndugu wakasema bila kusita kwamba hilo ni pepo, linataka ngoma yake. Wakampunga. Walimkalisha kwenye mkeka toka asubuhi, wakamfunika shuka nyeupe, wakampa ubani, na ngoma tatu zikapigwa karibu ya kichwa chake, siku tatu mfululizo, zikikoma kwa sala na chakula tu. Nilikuwepo. Niliimba na kupiga makofi kama wenzangu, kwa moyo safi kabisa. Mtu aliyeharibiwa na makelele tulimtibu kwa makelele. Siku ya nne aliniambia nyenje wamepata ndugu zao.

"Lakini usimwambie mke wangu," akasema. "Amechinja mbuzi."

Mwishowe nikampeleka mwenyewe kwa dresa, mganga msaidizi wa zahanati. Dresa huyo alikuwa ametoka vitani, alikaa na askari wa mizinga, na masikio ya namna ile aliyaona mengi. Alimtia Fundi taa sikioni, akasema nje pazima, ubovu uko ndani. Kisha akatueleza, na sijasahau.

"Ndani kabisa, mbali sana na pale kijiti chako kinapofika, kuna kitu kimejikunja kama konokono. Kimejaa maji. Ndani ya hayo maji kuna vinywele vidogo mno, macho hayavioni. Sauti ikiingia, maji yanatikisika, vinywele vinayumba, ndipo mtu anasikia. Sasa mlio wa baruti unavilaza chini. Ukivilaza mara moja, vitainuka. Ukivilaza kila siku, vinavunjika. Na havioti tena, mama. Nywele za kichwani zinaota, hizo hazioti."

"Na nyenje?" nikauliza.

"Hakuna nyenje. Kichwa kimezoea kuletewa habari na vile vinywele. Visipoleta, kinajitungia chenyewe."

"Na dawa?"

"Dawa ilikuwa kuziba masikio. Iliyobaki ni kuacha baruti, asije akamaliza na hivyo vichache."

Fundi alikuwa ametutazama midomo muda wote. Tulipotoka nje aliniuliza dresa amesema nini, nikamwambia yote, kwa sauti, huku natazama huku na huku kama mwizi. Tulipokaribia boma ndipo akasema.

"Nikiacha mimi, atahesabu nani? Yule kijana wa nyapara? Yule anawasha tambi kama anawasha sigara." Kisha akacheka kidogo, akanigusa bega. "Mimi na wewe, Karani, tunatosha."

Nilidhani ni utani. Tena nilijiambia kwamba mtungi ni kitu kimoja na baruti ni kitu kingine. Mtu anaweza asisikie ufa wa chungu, lakini nani asiyesikia mlima ukipasuka? Hivyo ndivyo nilivyojituliza, na siku zikaenda.

Siku yenyewe haikuwa na dalili yoyote. Nilikuwa na wateja wawili, madereva wa lori, wanagombania benchi. Kuni zilikuwa mbichi, nachochea huku nageuza. Mlio wa kwanza, kitumbua cha kwanza. Wa pili. Wa tatu na wa nne ikafuatana karibu karibu, na mwangwi ukarudi kutoka upande wa pili wa bonde. Wa tano. Wa sita. Nikangoja. Kitumbua cha saba kilikuwa kinatoa moshi pembeni, kile cha mume wangu. Nikangoja kiasi cha kusoma Kulhuwallahu. Harufu ikaanza kubadilika. Nikakigeuza.

Nilipoinua kichwa, mkono wa Fundi ulikuwa juu.

Basi nikasema moyoni, ni saba, mmoja umenipita nilipokuwa nachochea moto. Fundi ndiye Fundi, mimi ni muuza vitumbua. Kama ningesimama pale na kupiga kelele "Sita!", wangenicheka wiki nzima, na mume wangu angenuna. Filimbi ikalia. Nilimwona mume wangu akiingia na mtarimbo begani, akageuka akanipungia kama alivyozoea.

Mlio wa saba ulikuja baadaye, mtarimbo wake ulipozama kwenye shimo lililolala. Hakufa. Mawe madogo na moto wa baruti vilimwingia machoni, yote mawili, na toka siku ile mimi ndiye ninayemwambia kumekucha.

Msimamizi alikusanya watu kesho yake. Fundi alisimama katikati, akageuza mfuko wa kushoto, kokoto saba zikaanguka chini. "Nilihesabu saba," akasema kwa ile sauti kubwa ya mtu asiyejisikia. "Kosa ni langu. Masikio yangu mabovu, nami nilijua." Waliwauliza wapiga nyundo, lakini wote walikuwa na sufi masikioni, ile ile aliyowapa. Walimuuliza nyapara. Muuza vitumbua hakuna aliyemuuliza, na hiyo ndiyo sababu niliyojipa miaka yote ya kunyamaza: kwamba sikuulizwa.

Akaondoka machimboni, na baada ya muda akaondoka Kisarawe. Maneno yalimfuata. Kisimani wanawake walisema kiziwi yule alijijua kiziwi, akaficha kwa uroho wa cheo. Nilisimama nao, ndoo mkononi, mimi niliyeisikia milio sita kwa masikio mazima. Sikusema kitu. Nilijitwisha maji nikaenda nyumbani kwa mume wangu, ambaye hakuwahi hata siku moja kumlaani Fundi, na kila alipomtetea mbele ya watu nilitafuta kazi ya kufanya uani.

Mwishowe ni mume wangu aliyenituma. Alisikia Fundi yuko Maili Moja kwa binti yake, na kwamba amechoka sana. "Nenda ukamsalimie," aliniambia. "Mwambie mimi sina kinyongo." Nikaamka mapema, nikakaanga vitumbua, nikavifunga, nikadandia lori la mkaa. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Niliazimia kumwambia hesabu yangu ilikuwa sita, na kwamba nilimwacha abebe peke yake.

Nilimkuta mbele ya kiduka cha binti yake, pembeni ya barabara, ameketi kwenye kigoda, miguu mitupu juu ya udongo. Malori yalipita na kila moja alilitikisia kichwa kabla halijafika. Alikuwa amebaki mifupa na macho. Aliponiona alipaza sauti mpaka watu waliokuwa wananunua sukari wakageuka.

"Karani!"

"Shikamoo, Fundi."

"Eeh?"

"SHIKAMOO!"

"Marahaba, mwanangu, marahaba! Kaa. Mume wako?"

Nikamwonyesha kwa mikono kwamba hajambo, hana kinyongo. Akafumba macho, akayafumbua. Nikamuuliza kwa ishara habari za nyenje, nikigusa sikio langu.

"Wapo. Wamekwisha kuwa na wajukuu."

Ndipo nikatambua balaa nililojiletea. Siri niliyoshindwa kuinong'ona miaka yote, sasa ilinibidi niipigie kelele barabarani. Nilitazama wale wateja. Nikamgusa Fundi mkono, nikaelekeza kidole nyuma, kwenye siku zilizopita, nikanyanyua vidole vitano na kimoja.

"Siku ile. Nilisikia SITA."

Aliishika mikono yangu akavihesabu vidole kimoja kimoja, kwa kuvigusa. Kisha akaitazama miguu yake.

"Sita," akasema. "Miguu yangu nayo ilisema sita."

Sikuelewa. Akanieleza, kwa sauti iliyokuwa ikipanda na kushuka bila yeye kujua. Tangu muda mrefu kabla ya siku ile, mlio wa kwanza ukitoka nyenje waliinuka wote kwa pamoja, na mingine ilimfikia imechanganyika na mwangwi, hajui huu ni mlio au ni kilima kinajibu. Miguu ilimsaidia, lakini hakuiamini tena peke yake. Ndiyo maana alisimama uso kwangu. Alikuwa akiutazama mkono wangu. Nikigeuza kitumbua, anahamisha kokoto.

"Siku ile miguu ikasema sita, mkono wako ukasema saba. Nikaona miguu imezeeka."

Nilitaka kumuuliza kwa nini hakusema mbele ya msimamizi, lakini aliniona nafungua mdomo, akajibu mwenyewe.

"Ningesema nini? Kwamba nilihesabu kwa mkono wa mke wa yule aliyeumia?"

Nililia pale, sikujali nani anatazama. Yeye alikuwa ameketi wima, na usoni alikuwa na kitu kama nafuu, Mungu anisamehe, nafuu ya mtu aliyerudishiwa kitu chake baada ya miaka mingi. Miguu yake haikuwa imekosea. Kisha akaniinamia. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama anayetaka tu kuufunga mfuko.

"Lakini kama ulisikia sita, mwanangu, kwa nini ulikigeuza cha saba?"

Nikamwambia. Akatega sikio la kulia, akatikisa kichwa, akatega la kushoto.

"Sema kwa nguvu."

Nikasema tena. Akaweka kiganja nyuma ya sikio.

"Sisikii, Karani. Kwa nguvu!"

"KILIKUWA KINAUNGUA!" nikapiga kelele. "KILIKUWA KINAUNGUA, FUNDI!"

Watu wa dukani wakaangua kicheko. Walidhani wazee wawili tunagombana juu ya vitumbua.